Utangulizi: Vihisi na Mahali Vinapoelekea

Anayeingia katika fani hii aanze na jambo moja: kihisi hakipimi moja kwa moja kile tunachotaka kukijua. Hupima kitu kingine kinachobadilika pamoja nacho. Waya wa platinamu haujui joto. Ukinzani wake wa umeme hupanda joto linapopanda, nasi tunasoma nyuzi. Chipu inayogeuza skrini ya simu ina kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwenye springi ndogo mno. Kikisogea, umeme hubadilika na simu hujua chini ni wapi. Kutoka badiliko hilo hadi nambari tunayoisoma kuna kazi ya usawazishaji, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo tunachokiamini. Naamini mustakabali wa vihisi utaamuliwa hapo kuliko kwenye udogo wa chipu.

Chukua kile kibanio cha kidoleni kinachotumika hospitalini kupima oksijeni. Kanuni yake iliibuliwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, na kutangazwa mwaka 1974. Ndani mna taa mbili: nyekundu ya nanometa 660 hivi, na ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ya nanometa 940 hivi. Damu iliyokosa oksijeni hunyonya zaidi ile nyekundu. Iliyojaa oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Upande wa pili wa kidole, kipokezi hufuatilia mwanga unavyopungua na kuongezeka kwa kila pigo la moyo, na kutokana na uwiano wa taa hizo hupatikana asilimia. Ni fikra nzuri kupita kiasi. Lakini rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine kwamba kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Wengi wetu tutakaosoma kitabu hiki tuna ngozi hiyo, na ndugu zetu hutibiwa kwa nambari hizo.

Upimaji wa hewa tunayovuta nao una kasoro zake. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hufunga vihisi vya bei nafuu jijini Kampala, vingine kwenye bodaboda, kupima chembe za moshi na vumbi. Feni ndogo huvuta hewa, leza huipiga, na mwanga uliotawanywa na chembe huhesabiwa. Unyevu ukizidi, chembe huvimba na kifaa husoma uchafu mwingi kuliko ulivyo. Kwa hiyo wataalamu huweka vihisi hivyo kando ya mtambo wa marejeo ulio ghali, kisha huifundisha kompyuta kurekebisha kosa. Mtandao mpana wa vifaa rahisi vinavyosahihishwa na programu ndio mwelekeo ninaoupa uzito wa kwanza.

Mielekeo mingine nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa ina sura zake. Vihisi vinaanza kuchakata data palepale kwenye chipu, kwa sababu kutuma data kwa redio hula betri kuliko kupima. Vingine vitaishi kwa mwanga au mtikisiko bila betri. Kuna pia almasi zenye atomi ya naitrojeni kando ya pengo la kaboni, ambazo hupima usumaku hafifu bila kupozwa. Zinavutia sana, ila bado ni za maabara zaidi.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, tafuta thamista (kihisi ambacho ukinzani wake hubadilika na joto), multimita, barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, uchore grafu yako mwenyewe ya ukinzani na joto. Ukiwa Dar es Salaam, nukta ya juu iandike 100. Ukiwa Nairobi iandike 94 hivi, maana huko maji huchemka mapema.