Je, Wajua? Rangi ya kipuri si sehemu ya umbo lake

Je, wajua kwamba katika FreeCAD, programu ya bure ya kuchorea vipuri, umbo na rangi havikai pamoja? Chukua nakala ya faili yako ya FCStd, badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha ifungue. Ndani utakuta Document.xml, inayotunza vipimo na hatua za kuunda umbo, na kando yake GuiDocument.xml, inayotunza mwonekano: rangi, uangavu, unene wa mistari. Ndiyo maana ukinakili umbo peke yake, kipuri hutoka na vipimo sahihi kabisa, ila uso uliokuwa mwekundu umerudi kijivu.

Rangi za uso mmoja mmoja ndizo sumbufu zaidi. Huhifadhiwa kama orodha inayofuata mpangilio wa nyuso. Toboa tundu jipya, mpangilio ukavurugika, na rangi huweza kuhamia uso wa jirani, kama abiria waliosogezwa kiti kimoja.

Ukihamishia kazi programu nyingine, tazama aina ya faili kabla ya kulaumu kompyuta. STL, ya tangu 1987, ni pembetatu tupu. Kwa kawaida haina nafasi ya rangi. STEP huibeba, lakini si kila toleo: AP203 ya mwanzo haikuwa na rangi, AP214 na AP242 zinazo. Programu nyingi hukuuliza toleo wakati wa kuhifadhi, kwenye kile kidirisha ambacho wengi hubonyeza “Sawa” bila kukisoma.