Ushuru wa Soko: Muswada Hupitia Wapi?



Kila tunapotembelea vikundi vya Thiba, Tebere na Nyangati, swali hili hatulikosi: "Huu ushuru mpya wa soko, nani aliupitisha, na sisi tulikuwa wapi?" Kikundi kimoja cha akina mama wauza mchele kilifunga safari kwenda kumwona Mheshimiwa MCA. Walikuwa na hoja nzuri, ila wakaambiwa jambo lilishapita.

Zamani ushuru ulipangwa na kaunsil, na sheria zake ndogo zilingoja kibali cha Waziri huko Nairobi. Tangu 2013, kwa Katiba ya 2010, kazi hiyo ni ya Bunge la Kaunti. Sisi wa Mwea tuna wadi 8, na kila wadi ina mwakilishi wake humo.

Sheria huanza ikiwa muswada. Ule unaotugusa mfukoni ni Muswada wa Fedha, ambao huletwa kila mwaka. Ndani yake mna ada za vibanda, leseni za duka, ushuru wa mazao na mengineyo. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa bungeni mara ya kwanza. Siku hiyo karani husoma jina lake tu, hakuna mjadala, halafu hupelekwa kwa kamati.

Basi hapa kwa kamati ndipo mlango wetu ulipo. Katiba, kifungu 196, inalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi. Tangazo la kikao hutolewa, lakini siku huwa chache. (Tangazo la harambee tunalisikia upesi, la muswada linatupita!) Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kuuliza kwa ofisi ya wadi mara kwa mara.

Mkienda, msiende na manung'uniko matupu. Ombeni nakala ya muswada, tafuteni ule mstari unaowahusu, mwandike barua: sisi ni nani, tuko wangapi, tunataka mstari huu ubadilishwe hivi, kwa sababu hii. Mbona mama mwenye ndoo mbili za mchele alipe sawa na mwenye pikapu? Andikeni, na hesabu ya faida yake ya siku muionyeshe. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na nakala.

Kamati hailazimiki kukubali kila neno. Lakini kuwasikiliza wananchi si hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya 2013 ya Kaunti ya Kiambu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kamati ikishatoa ripoti, muswada husomwa mara ya pili, wajumbe wakajadili shabaha yake. Kisha Bunge zima huupitia kifungu kwa kifungu na kurekebisha, ndipo usomwe mara ya tatu na kupitishwa. Kufikia hapa, ni mwakilishi wenu tu anayeweza kuwasemea.

Spika ana siku 14 za kuupeleka kwa Gavana. Gavana naye ana siku 14: atie sahihi, au aurudishe na sababu zake. Akiurudisha, Bunge laweza kuurekebisha, au kuupitisha tena vilevile kwa theluthi mbili ya wajumbe wote. Baada ya sahihi, sheria huchapishwa katika Gazeti ndani ya siku 7, na huanza kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine. Isipochapishwa, haina nguvu. Kwa hiyo kumwuliza mtoza ushuru, kwa heshima, anatoza kwa sheria gani, si ukorofi. Na risiti msiiache.

Wale akina mama wa mchele hawakufungiwa kabisa. Mtu yeyote ana haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti ili sheria irekebishwe au ifutwe. Ombi huandikwa na kutiwa sahihi, likapelekwa kwa karani wa Bunge. La kwao wameshaanza kuliandika.