Patasi Haijamaliza Kazi

Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, wasifika kwa milango yake ya nakshi. Siku hizi, ndugu msomaji, ipo mashine iongozwayo na kompyuta. Fundi huchora ua kwenye kompyuta, na keekee huzunguka ikilichimba ubaoni. Kazi ya siku nyingi huisha kwa saa chache.

Lakini keekee ni ya mviringo: kila pembe ya ndani huiacha imeviringana. Kuikata ikawa kali kwataka patasi na mkono uliozoea. Basi vijana wetu wajifunze zote mbili. Wakishika kompyuta wakaitupa patasi, pembe za mlango atazimaliza nani?