Kicheko cha Simiyu hufuata msimu wa pamba

Mchekeshaji anayeanzia Kimali, wilayani Meatu, riziki yake hutoka kwenye harusi. Kamati ikishakusanya michango humwita ashereheshe: atambulishe wakwe, aite meza moja moja zitoe zawadi, na katikati ya shughuli hiyo achomekee vichekesho vyake. Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, mkoa mzima wa Simiyu wenye watu zaidi ya milioni 2, hiyo ndiyo ajira yenyewe ya ucheshi. Kalenda yake imepangwa na pamba.

Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei. Fedha zikishatoka AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, harusi huanza kufuatana, na mvua za Novemba zinaposhika, waalikwa wamerudi shambani na mshereheshaji naye karudi shambani. Kwa hiyo bei ya pamba ni bei yake pia. Mwaka 2022 kilo ilianzia Sh1,560. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa Sh1,060. Mkulima aliyepungukiwa Sh500 katika kila kilo haahirishi kumuoza mwanawe. Atapunguza spika, atapunguza mapambo, na kazi ya kusherehesha atampa mpwa wake anayejua kuongea.

Mashabiki wapo, na wana uzoefu mkubwa. Tangu karne ya 19 Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo baada ya mavuno hukutana siku moja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake. Kipimo cha asili cha ushindi ni umati: aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ningi, mtunzi na kiongozi wa wachezaji, humkejeli mpinzani kwa nyimbo, na akiishiwa, watu humhama anawaona. Mtoto aliyekulia pembeni mwa uwanja huo anajua mapema kuwa mtazamaji ana miguu. Sijui shule bora ya jukwaa kuliko hiyo.

Tatizo huja baada ya hapo. Kanda ya Ziwa iliwahi kuwa na mlango wake: kundi la Futuhi, lililorushwa na Star TV ya Mwanza. Lakini uchekeshaji wa runinga ulijengwa zaidi Dar es Salaam, kuanzia Ze Comedy ya EATV, iliyokuja kuwa Orijino Komedi ya TBC1. Kisha Coy Mzungu akaanzisha Cheka Tu, watu wakazoea kulipa kiingilio kumsikiliza mtu mmoja aliyeshika maiki. Eliud, Leonardo na Mkali Wenu wamefahamika sana kupitia jukwaa hilo.

Jukwaa la kila mara lina faida moja ambayo fedha za harusi haziwezi kuinunua: ruhusa ya kuchemka. Kichekesho kikidoda wiki hii, mwenyewe anakirekebisha na kurudi nacho. Harusini hakuna ruhusa hiyo. Mzee wa ukoo akinuna, kazi ya mwaka kesho imeondoka. Basi mshereheshaji hushikilia yaliyokwisha kujaribiwa: bwana harusi na mahari, mama mkwe, mlevi wa kijijini. Siasa haigusi, dini haigusi, na bei ya pamba, jambo linalomuuma kila aliyekaa pale, haigusi pia. Anakuwa hodari wa kupendeza watu, na uandishi wake unadumaa. Wapo waliofanikiwa kuishi pande zote mbili. Emmanuel Mathias, aliyejulikana nchi nzima kama MC Pilipili, alisherehesha na kuchekesha kwa uzito uleule. Lakini alifanya hivyo akiwa na majukwaa makubwa ya kujipima.

Simu imesaidia, ila kwa gharama yake. Wimbo ukirudiwa hupendwa zaidi; kichekesho kikizunguka kwenye simu za Maswa nzima, msemaji akifika ukumbini watu wanakimalizia wao. Anayepata wafuasi wengi naye ana hesabu nyingine: Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni.

Linaloniudhi zaidi ni lafudhi. Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake kimekuwa bidhaa ya miaka mingi: mshamba aliyeingia mjini, fedha mfukoni, haelewi kitu. Wengi wanaoivuna lafudhi hiyo hawajawahi kuchuma pamba. Anne Kansiime wa Uganda alitoka Kabale, mbali na Kampala, akaibeba sauti ya kwao mwenyewe hadi ikamtajirisha. Kenya, Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alihamisha kamera zake kwenda kurekodi Kisumu, Nakuru na Mombasa. Msukuma akiandika mwenyewe, yule mshamba wa Dar atakuwa mtu mwenye akili, madeni, na maoni kuhusu mizani ya pamba.

Na mikataba iandikwe. King Majuto alichekesha taifa kwa miongo kadhaa. Alipougua mwaka 2018, mwaka aliofariki, serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, yake ikiwemo. Harusi nyingi za Simiyu bado hupangwa kwa mdomo, malipo ya awali yakitumwa kwa simu na salio likidaiwa usiku wa manane kamati ikiwa imechoka.

Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilibeba maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, na Agosti ni mwezi ambao mfuko wa mkulima bado una kitu. Jukwaa la ucheshi lianzie hapo: anatakiwa mtu mwenye spika na jenereta, aliye tayari kupata hasara misimu miwili ya kwanza. Kiingilio kisizidi bei ya soda mbili. Wachekeshaji watoke Meatu, Itilima, Busega, Maswa na Bariadi, na kila mmoja awe na karatasi iliyosainiwa kabla hajashika maiki.