Usiku wa Muziki Ngome Kongwe

Watoto wangu, tamasha la muziki huanza mchana wa jua kali, wakati uwanja bado mtupu. Ukipita kando ya Ngome Kongwe, Unguja, siku za tamasha mwezi wa Februari, utasikia ngoma moja ikipigwa peke yake: du, du, du. Kimya. Halafu tena. Mpita njia hudhani kuna mtu anajifunza. La, hapo fundi wa sauti anapima. Anasikiliza chombo kimoja kimoja, anakipandisha au kukishusha, ili usiku kimoja kisikimeze kingine. Naye anajua kuwa kazi hiyo ataifanya upya jioni, kwa sababu watu wakijaa, miili na nguo zao hunywa sauti, hasa zile nyembamba za juu. Kwa hiyo kabla hamjapiga hata kofi moja, nyinyi wasikilizaji mmeshaugeuza muziki kwa kusimama tu pale.

Tamasha lenyewe linaitwa Sauti za Busara, na lilifanyika mara ya kwanza mwaka 2004. Lina sharti ninalolipenda kuliko yote: anayepanda jukwaani apige muziki wake papo hapo, kwa vyombo na kwa koo lake. Kwingineko wapo wasanii wanaochezesha wimbo uliorekodiwa huku wao wanafumba na kufumbua midomo. Ngomeni hilo halipiti. Waarabu wa Oman waliijenga ngome ile baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, ili kuulinda mji. Leo langoni mwake wanaingia wanamuziki kutoka pembe zote za Afrika, na sisi nyuma yao.

Februari ni kiangazi, na upepo ni wa kaskazi. Joto, pamoja na unyevu wa bahari iliyo hatua chache tu kutoka langoni, ni mtihani kwa vyombo. Itazameni ganuni, kile chombo cha taarab kinacholazwa mapajani. Ina nyuzi zaidi ya 70. Mpigaji huinama na ufunguo mdogo mkononi, akakaza uzi huu, akalegeza ule, na wengi wakati huo hupiga gumzo. Mimi huwasihi walio karibu nami wamtazame, maana kila uzi anaougusa tutausikia baadaye. Na ngoma za asili, ngozi ikishika unyevu hulegea, mlio ukafa. Wapigaji huwasha moto wa makaratasi au makuti makavu, wakaipasha ngozi mpaka ikaze.

Sasa taarab. Kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kikishaketi na fidla, udi, akodioni na dumbaki zake, wasikilizaji nao wana zamu yao. Mama mmoja atainuka kitini, noti ameishika juu, akiyumba taratibu kwa mdundo mpaka mbele ya mwimbaji, akamtunza. Hakuinuka ovyo. Amengoja ubeti unaosema lililo moyoni mwake: pengine penzi, pengine ujumbe kwa jirani aliyeketi safu ya nyuma, na jirani anajua. Mwimbaji akiona watunzaji wanamiminika, huurudia ubeti ule, akaurudia tena. Wapiga fidla humfuata bila kuambiwa. Wimbo uliotarajiwa kwisha dakika ya kumi unafika ishirini, na waliourefusha ni wale kina mama. Kesho wimbo huohuo, kikundi hichohicho, utakuwa mfupi au mrefu kwa kadiri ya waliokuja.

Mwimbaji Bi Kidude aliyajua hayo kuliko wote niliowahi kuwaona. Jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka, na alifariki Aprili 2013, wengi wenu mkiwa hamjazaliwa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, heshima kubwa katika muziki wa dunia. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye sauti nzito yenye mkwaruzo, na alipoiacha taarab akashika ngoma ya msondo, uwanja mzima ulisogea mbele. Video zake zipo, zitafuteni mzitazame. Lakini sauti ya chini kabisa, inayotikisika mara 50 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na spika ndogo ya simu haina nguvu ya kusukuma hewa kiasi hicho. Ngomeni mtaipokea kwa kifua.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika. Fedha hazikutosha. Nauli za bendi, taa, mitambo, mafundi, vyote hulipiwa, huku wenyeji wakiuziwa tiketi kwa bei ndogo kuliko wageni. Lilirudi mwaka 2017, nami nilifurahi kama niliyerudishiwa ndugu.

Mkipelekwa na wazazi wenu, fikeni mapema mlione gwaride la mitaani pamoja na matarumbeta ya beni, kisha mle urojo Forodhani kabla ya giza. Ndani, msisimame mbele ya spika kubwa. Sikio likiharibika kwa kelele haliponi. Kaeni karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa sababu yeye hupanga kila kitu kwa masikio ya pale alipo. Na ikipanda bendi msiyoijua, inayoimba lugha msiyoielewa, msikimbilie kununua soda. Wapeni nyimbo mbili. Ya tatu mtaicheza.