Umechapisha kasha la kamera? Usilitose majini kabla ya kusoma haya

Kasha la kamera limetoka kwenye printa ya 3D likiwa safi, na sasa unataka kulishusha baharini pale Mombasa, ama kuweka kihisi kwenye kizimba cha samaki Ziwa Victoria. Poa. Lakini ngoja kidogo: huenda kasha hilo linavuja, hata kama huoni tundu.

Printa hulaza plastiki iliyoyeyushwa tabaka juu ya tabaka. Katikati hubaki vijinafasi vidogo sana, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Tena kila mita 10 unazoshuka, shinikizo huongezeka kwa takriban kilo moja kwa kila sentimita mraba. Kifuniko cha sentimita 10 kwa 10, kikiwa mita 10 chini, kinakandamizwa na karibu kilo 100!

Anzia kwenye printa yenyewe. Weka kuta nne au zaidi, pandisha joto kidogo ili tabaka zishikane, na upunguze mwendo. PETG ni chaguo zuri. PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, kwa hivyo usiiache ndani ya gari juani.

Kisha paka epoksi. Piga msasa, futa vumbi, changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na upake mara mbili. Vaa glavu na ufungue madirisha. Kama umetumia ABS, mvuke wa asetoni huyeyusha uso na kuziba mistari, lakini hushika moto upesi. Usithubutu kufanyia kazi hiyo jikoni karibu na gesi. Kwa PLA wala usijisumbue, haifanyi kazi hivyo.

Sehemu inayowaangusha wengi ni kifuniko. Tumia oringi ya mpira, ipake grisi ya silikoni, na uhakikishe mfereji wake ni laini. Unywele mmoja au chembe ya mchanga yatosha kuingiza maji.

Mwisho, pima. Tia tishu kavu ndani, funga, kandamiza kwa jiwe na uache ndani ya ndoo usiku kucha. Ndoo haina shinikizo la kina kirefu, kwa hivyo lifunge kamba ulishushe hadi kina unachokitaka, bado likiwa na tishu tu.

Tishu ikitoka imelowa, hasara yako ni shilingi chache. Kamera uliyoiwekea akiba miezi kadhaa ingali mezani.