RETIKULAMU: WAVU AU SEGA?

Istilahi nyingi za sayansi zilianza kwa kufananisha kitu kigeni na kitu cha kawaida. Ndivyo ilivyo kwa neno retikulamu. Asili yake ni Kilatini: rete ni wavu, na reticulum ni wavu mdogo.

Neno hili lina maana tatu zipasazo kutofautishwa. Katika elimu ya wanyama, ni chumba cha pili cha tumbo la wanyama wanaocheua, kama vile ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika elimu ya seli, ni mtandao wa mirija na vifuko ambao Keith Porter na wenzake waliuona kwa hadubini ya elektroni mwaka 1945. Katika elimu ya nyota, ni kundi dogo la kusini lililopewa jina na Mfaransa Lacaille, aliyechunguza anga kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752. Yeye alikusudia nyuzi za kupimia zilizomo katika darubini.

Je, tuseme "wavu" popote? Mkoani Singida swali hili lina uzito. Wavu unajulikana huko, maana Ziwa Singidani lina wavuvi. Lakini mkoa huo ni wa ng'ombe na wa asali pia. Ukuta wa ndani wa chumba hicho cha tumbo una vijumba vya pande nne hadi sita, mithili ya sega la nyuki. Tena matundu ya wavu hupitisha, bali vijumba vya sega vina kitako. Msumari au kipande cha waya kilichomezwa pamoja na majani hunasa humo. Tumbo linapojikaza, chaweza kutoboa ukuta na kiwambo, kikaufikia moyo. Mfugaji akiambiwa "tumbo la sega" hupata picha na onyo kwa pamoja. Akisomewa "retikulamu" tu, hapati lolote.

Hata hivyo, sega halifai kwa seli wala kwa nyota. Na "kiwavu" kinakaribia mno kiwavi. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba retikulamu ibaki katika vitabu vya sayansi, "mtandao" utumike kuielezea ile ya seli, na vijitabu vya ufugaji viandike "tumbo la sega". Neno moja la kigeni halilazimu kupata neno moja tu la Kiswahili.